Timu yetu ya madogo imehamia chama cha soka cha wilaya, na mimi niliunga mkono

Wazazi wenzangu na wadau wote wa soka hapa Kigoma, habari imeshazunguka mjini na kila mtu anaisimulia kivyake kwahiyo wacha niiweke sawa. Timu yetu ya vijana, hii inayofanya mazoezi jioni huku Gungu, imetoka kwenye ule umoja wa timu za mtaani tuliokuwa nao miaka yote na imeomba uanachama wa chama cha soka cha wilaya, na tumekubaliwa. Yani juu yetu sasa kuna wilaya, juu ya wilaya kuna mkoa, juu ya mkoa kuna TFF, yani shirikisho la soka la Tanzania, na TFF ni mwanachama wa FIFA tangu 1964, enzi hizo bado inaitwa FAT. Ndo mabadiliko yenyewe hayo. Jezi ni zilezile, kocha ni yuleyule, na madogo ni walewale.

Nimesikia wanaosema tumeuza timu. Nimesikia pia kwamba kuna watu wanatafuta vyeo wilayani wakitumia watoto wa watu. Mimi nilikuwepo kwenye kikao, tena kikao kilikuwa kirefu kweli, kilianza baada ya swala ya alasiri na giza likatukuta palepale, na nilinyoosha mkono kukubali na leo ukiniuliza nitanyoosha tena.

Kwanza kabisa niwape haki yao wenzetu wa umoja. Timu za Ujiji, Mwanga, Katubuka, Kibirizi, zote tumecheza nazo na tumelea watoto pamoja, na kulikuwa na bonanza kila sikukuu, Idi, Pasaka, Krismasi, na hakuna aliyekuwa anadaiwa ada, mwenye kirikuu analeta kirikuu yake watoto wanapanda, refa anapewa soda na hela ya bodaboda basi mechi inapigwa. Timu iliyokosa mpira inaazimwa. Hayo sijayasahau na wala sidharau, na wazee walioanzisha umoja ule nikikutana nao nawapa shikamoo yao kwa moyo wote maana bila wao nusu ya hawa watoto wangekuwa wanashinda mwaloni tu.

Lakini umoja ule ulikuwa hauandiki. Yani hapo ndo kwenye shida yote. Tulikuwa na kaunta buku moja, mwenzetu katibu analo mpaka leo, ukilifungua unakuta majina ya utani tupu, kuna mtoto ameandikwa "Kipepe", mwingine "Mdogo wake Hamisi", tarehe za kuzaliwa karibu zote ni 1 Januari kwa sababu mtoto akiulizwa akasema hajui inawekwa hiyo. Mtoto amecheza kwetu tangu ana miaka 11 mpaka 16, amefundishwa kupiga pasi, kuchonga kona, kukaba, amelishwa uji hapa, alafu siku akiondoka hakuna karatasi hata moja duniani inayosema aliwahi kupita Gungu.

Na hili limeshatukuta. Kuna kijana wetu mmoja, simtaji jina kwa sababu bado anatafuta maisha, winga mzuri sana wa kushoto, alikuja mtu akajitambulisha kama wakala akaongea na familia wakakubaliana, kijana akaondoka na treni. Huko alikofika akasajiliwa na timu, na kwenye fomu sehemu ya timu aliyotoka ikaandikwa haikuwepo, yani kama vile alidondoka kutoka mbinguni akiwa na miaka 17 anajua mpira tayari. Tulipopiga simu kuuliza tukajibiwa kistaarabu tu kwamba kama tuna usajili wake tuutume. Tungetuma nini? Picha ya ukurasa wa daftari?

Sasa hapa wengi hawajui kitu gani kinapotea kwahiyo nitaeleza kidogo, na mnisamehe kama nitaenda na mahesabu. FIFA wana kanuni za hadhi na uhamisho wa wachezaji, na ndani yake kuna malipo ya aina mbili kwa timu zilizomlea mtoto. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo, hii inakuja mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama profesheno, yani mchezaji wa kulipwa, au akihamia nchi nyingine kabla mwaka wa kutimiza miaka 23 haujaisha, na miaka ya malezi inahesabiwa kuanzia anapofika 12. Ya pili wanaita mchango wa mshikamano, kwamba profesheno akiuzwa kwenda timu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha asilimia 5 ya ada ya uhamisho inakatwa na kugawiwa kwa timu zote alizopita kuanzia umri wa miaka 12 mpaka 23. Mwaka mmoja wa umri wa 12 mpaka 15 ni asilimia 0.25 ya ada nzima, na mwaka wa umri wa 16 mpaka 23 ni asilimia 0.5.

Ukiiangalia unaona ni kidogo. Haya tupige hesabu. Chukua mchezaji ameuzwa nje kwa shilingi bilioni 1, ambayo kwa soka la sasa sio hela ya kutisha, asilimia 5 ni milioni 50. Mtoto alikaa kwetu miaka minne, akiwa na 12, 13, 14 na 15, hiyo ni asilimia 1 ya ada nzima yani milioni 10. Milioni 10 Gungu! Hapo tumepata mipira, nyavu, viatu vya watoto ambao mpaka leo wanacheza peku, na bado inabaki ya kusawazisha uwanja. Na akiuzwa tena tunapata tena. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020 nchi nzima tulikesha tunaangalia lakini ni wangapi walijiuliza kwamba kwenye uhamisho kama ule kuna fungu la timu za nyumbani zilizomlea, mradi ziwe na kumbukumbu?

Na kumbukumbu yenyewe sio ya kwenda kuitafuta siku ya kudai. Siku hizi kuna mfumo, TFF wanasajili kwa FIFA Connect, mchezaji anapata namba yake na inamfuata maisha yote ya mpira, na tangu Novemba 2022 FIFA wana ofisi yao ya malipo iko Paris, uhamisho ukifanyika mfumo unavuta historia ya mchezaji kutoka kwenye mashirikisho ya nchi, unatengeneza pasipoti yake ya kielektroniki, na timu zilizomo humo ndo zinazolipwa. Timu ambayo haiko chini ya shirikisho haimo. Hata kama kila mzee wa Kigoma anajua ni nyie mliomlea, haimo.

Ila naomba nieleweke, sikunyoosha mkono kwa sababu ya hela. Hela inaweza isije kabisa, watoto wengi hawa watakuwa mafundi, wavuvi, walimu, madereva, na ni sawa kabisa. Kwangu kikubwa ni ulinzi. Hapa kwetu mtu yeyote anaweza kuja na begi na simu kubwa akasema anapeleka watoto majaribio Ulaya, au hata Bujumbura hapo jirani, au Kongo ng'ambo ya ziwa, na mzazi ana shida zake anaona mlango umefunguka. Kwa kanuni za FIFA mchezaji chini ya miaka 18 hahamishwi kimataifa, labda kwa sababu chache sana zilizoandikwa, kama vile wazazi wake wamehamia nchi hiyo kwa mambo yao yasiyohusiana na mpira. Na kuanzia miaka 10 mtoto akitoka nchi moja kwenda kucheza nchi nyingine lazima kiwepo cheti cha uhamisho wa kimataifa kinachotolewa na shirikisho alikotoka. Hizi sheria zipo kwa ajili ya mtoto, lakini zinamlinda vizuri yule anayejulikana yupo. Mtoto aliyesajiliwa wilayani akipotea kuna sehemu ya kuuliza na kuna mtu wa kujibu. Wa kwetu wa kwenye daftari la majina ya utani nani angejibu?

Alafu kuna hili la madogo wenyewe. Tangu timu ya Mashujaa ya hapa kwetu ipande Ligi Kuu 2023 hapa mjini mambo yamebadilika, mtoto wa Kigoma sasa anakwenda uwanja wa Lake Tanganyika anawaona Simba na Yanga kwa macho yake, sio kama zamani mpaka itokee bahati kama ile fainali ya Kombe la Shirikisho ya Julai 2021 Simba alipomfunga Yanga 1-0 pale pale. Na timu za Ligi Kuu zinatakiwa kuwa na vikosi vya vijana. Kwahiyo mtoto wa miaka 15 anaona njia iko karibu kabisa na nyumbani kwao, anaweza akatembea kwa miguu mpaka uwanjani, na swali la kwanza atakaloulizwa akifika ni karatasi zake ziko wapi.

Kama mnaona karatasi ni mambo ya ofisini tu kumbukeni majirani zetu wa Tabora. Agosti 2023 Kitayosce, ambayo ndo ilikuwa inaanza Ligi Kuu kama Tabora United, ilikwenda Dar kucheza na Azam ikiwa na wachezaji 8 tu uwanjani kwa sababu wengine vibali vyao vya usajili havijakamilika. Azam wakapiga nne haraka haraka, Feisal akafunga tatu, wachezaji wa Tabora wakaumia wakabaki chini ya 7 na sheria za mpira haziruhusu mechi kuendelea hivo, refa akamaliza. Ligi Kuu ile! Wachezaji wapo, jezi zipo, mashabiki wamelipa kiingilio, kilichokosekana ni usajili.

Na upande mwingine wa shilingi, sisi Watanzania tuliwahi kwenda AFCON ya vijana chini ya miaka 17 kule Gabon 2017 kwa sababu ya mambo haya haya. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana hao, walitolewa uwanjani na Congo Brazzaville, ikakatwa rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Congo, CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakamwita kwenda kupimwa umri kwa kipimo cha MRI hakutokea, Congo wakaondolewa tukaingia sisi. Yani umri wa mtoto mmoja ulibadilisha safari ya taifa zima. Ndo maana nikiona 1 Januari zimejaa kwenye daftari letu moyo unakwenda mbio.

Hapo sasa nafika kwenye kazi yenyewe, na hii naiandika kwa kirefu kwa sababu ndo iliyotusumbua kuliko kikao, kuliko katiba, kuliko kitu chochote. Vyeti vya kuzaliwa. Usajili wa klabu wenyewe ulikwenda, tuliandika katiba, tukapeleka majina ya viongozi na wanachama kwa afisa michezo wa manispaa ili yafike kwa Msajili kule BMT, Baraza la Michezo la Taifa, kwa sababu sheria ya Baraza la Michezo ya 1967 inataka klabu isajiliwe kabla ya kuingia kwenye vyama. Hayo ni ya watu wazima, unatembea ofisi hii unakwenda ile mwisho unamaliza. Lakini mtoto ukimwambia alete cheti cha kuzaliwa anakuangalia tu.

Mkoa wetu mnaujua. Tumepakana na Burundi, ng'ambo ya maji ni Kongo, tumepokea wakimbizi tangu miaka ya nyuma, kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa 1996, na ndugu wa damu wako pande zote. Kwahiyo mtoto wa Kigoma akifika ofisini akasema jina lake anaulizwa na la babu, na la kijiji cha babu, na balozi wa nyumba kumi alikuwa nani. Wazazi wengine wanaogopa maswali hayo kuliko wanavyoogopa kukosa cheti, bora wakae kimya. Sijui mtoto wa Moshi anapitia haya. Mimi nawaelewa kabisa wazazi hawa na nilisema kwenye kikao kwamba hakuna mtoto atakayefukuzwa mazoezini kwa kukosa cheti, ataendelea kufanya mazoezi, atakula uji na wenzake, huku sisi tunasaidia familia kufuatilia.

Kuna mama mmoja anauza dagaa pale Kibirizi, mwanae ni beki wetu wa kati. Shuleni mtoto anaitwa jina moja, kwenye kadi ya kliniki jina lingine la babu yake, na sisi kwenye daftari tulikuwa na la tatu. Yule mama alikuja na kadi ya kliniki ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kitambaa, kitambaa kwenye pindo la kitenge, kadi ina miaka 14 na bado unasoma uzito wa mtoto wa kila mwezi na mwandiko wa nesi. Hakuwa na cheti lakini alikuwa na kila kitu cha kupatia cheti. Tukakaa naye, tukapata barua ya serikali ya mtaa, barua ya mwalimu mkuu kwamba majina yote mawili ni ya mtoto mmoja, tukaenda naye mpaka ofisi ya mkuu wa wilaya wanakoshughulikia vizazi vya RITA, wakala wa serikali anayetoa vyeti vya kuzaliwa, foleni ndefu jua kali, akarudi siku nyingine, na nyingine, mpaka kikatoka. Siku anakionyesha pale uwanjani alikuwa anakishika pembeni pembeni asikichafue na mikono ya dagaa, na akauliza kama anaweza kukitumia pia kumwandikishia mtoto sekondari. Anaweza mama, ni cha kwake.

Picha nazo. Fomu zinataka paspoti saizi na madogo walikuja na fulana za mazoezi zimechanika mabega, kocha akatafuta shati moja jeupe la kola likawa linavaliwa kwa zamu pale studio Mwanga, mmoja anavua mwingine anavaa, na wadogo wa chini ya miaka 13 shati linawameza kabisa kwahiyo kocha akawa analibana kwa nyuma na kibanio cha kuanikia nguo. Kwenye picha huwezi kujua, wote wamependeza wametulia kama wanafunzi wa mitihani. Kipepe naye sasa ana jina lake kamili.

Yapo tuliyopoteza, sitaficha. Kuna ada ya uanachama sasa, kuna kulipia marefa, kadi nyekundu inaweza kuwa na faini, na yale mabonanza hatuwezi kujiendea tu kiholela bila chama kujua. Bodaboda wawili waliokuwa wanafadhili jezi wamesema hawaoni sababu ya hela yao kwenda kwenye ada na nimeongea nao, mmoja ameelewa mwingine bado. Kwa wenzetu wa umoja nasema mlango haujafungwa, tumeomba tucheze nao mechi za kirafiki kwa kibali na wilaya hawajakataa, na ningefurahi zaidi kama na wao wangejaza fomu maana watoto wa Ujiji na Katubuka wana haki hiyohiyo.

Na kwa chama cha wilaya pia nina neno, kwa heshima zote. Timu za watoto msizitoze kama timu za watu wazima. Timu ya daraja la tatu ina wachezaji wanaojitegemea na mashabiki, sisi tuna watoto na mama wauza dagaa. Mkitaka timu zote za mtaani zije, wekeni ada ambayo mtaa unaiweza, alafu tupeni ligi ya chini ya miaka 15 inayoeleweka, mechi zenye ratiba, sio mtoto anasajiliwa alafu anakaa mwaka mzima anasubiri UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, ndo acheze mechi yenye refa. Usajili bila mechi hautatusaidia kitu. Tumeliandika hili kwenye barua yetu ya shukrani na tutalisema tena kwenye mkutano mkuu tukipewa nafasi.

Timu ya wasichana nayo inaingia. Kuna watu walitaka isubiri mwakani eti tuanze na wavulana kwanza, kikao kilikataa na nafurahi kilikataa, fomu zao zinajazwa sasa hivi na dada anayewafundisha ndo anazisimamia.

Kwa wazazi ambao bado, mambo ni haya. Leteni kadi ya kliniki, au cheti cha ubatizo, au barua ya shule, chochote mlichonacho chenye jina na tarehe ya mtoto, hata kama kimechakaa. Katibu anakaa uwanjani jioni za mazoezi kuanzia saa kumi. Mkiwa na shida ya majina kutofautiana msikae nayo nyumbani, njoni nayo hivohivo tuandike barua pamoja. Shati jeupe lipo kwa kocha.